Kusoma ncha ya bawa la shakwe, unyoya kwa unyoya

Swali: Desemba iliyopita nilipiga picha za shakwe wakubwa kando ya ziwa moja nchini Ujerumani. Wote wana mgongo wa kijivu, tumbo jeupe na ncha nyeusi za mabawa. Kitabu changu kinataja aina tatu zinazoweza kuonekana pale: shakwe heringi, shakwe miguu-njano na shakwe wa Kaspi, kisha kinaniambia nitazame madoa ya ncha ya bawa. Nimetazama mpaka macho yanauma, na kwangu ncha zote ni nyeusi, na ndege wote wana madoa matano au sita meupe. Ndege mmoja, wa picha ya tatu, alinyoosha mabawa na picha ikatoka safi. Yeye ni yupi? Na mara nyingine nitajuaje mwenyewe? Na rangi ya miguu, je, inasaidia?

Jibu: Shakwe wa picha yako ya tatu ni shakwe wa Kaspi, Larus cachinnans. Nasema hivyo kwa uhakika mkubwa, ingawa eneo ulilopigia picha linanizuia kuapa, na sababu yake nitaifikia. Kabla ya hapo nina ombi moja kwako: acha kutazama weusi.

Jicho huvutwa na weusi kwa kuwa ndio unaojitokeza angani. Lakini aina zote tatu ulizozitaja zina weusi huo, kwa hiyo kuuona tu hakukusogezi popote. Kinachosema ni kijivu. Ni kijivu kile kile cha mgongoni, kinavyoteremka kwenye kila unyoya na kuula weusi: kimefika wapi, kimeishia ghafla au kimefifia taratibu, na kwenye unyoya wa ngapi kimeshinda kabisa. Mimi mwenyewe nilipoteza misimu miwili nikihesabu madoa meupe tu, na kila wiki majibu yangu yalipingana na ya wiki iliyotangulia. Nilipoanza kufuata kijivu, picha zile zile za zamani zikaanza kujipanga makundi.

Tuanze na mpangilio wa bawa, maana bila hesabu sahihi yote yanayofuata yanaharibika. Manyoya marefu yanayounda ncha ya bawa yameota kwenye mifupa ya mkono wa ndege, kuanzia kifundo hadi kidole, na hapa nitayaita manyoya ya kiganja. Shakwe ana kumi yanayofanya kazi kwa kila bawa. Upo na wa kumi na moja, mdogo mno na umejificha ukingoni, usiuhesabu. Huhesabiwa kutoka ndani kwenda nje: wa 1 umepakana na manyoya ya kigasha, katikati ya bawa, na wa 10 ndio wa nje kabisa, ule unaoukata upepo wa kwanza. Hesabu imeanzia ndani kwa sababu ndege hubadili manyoya kwa mpangilio huo huo, wa 1 ukidondoka mwanzo na wa 10 mwisho. Kwenye picha, hata hivyo, wewe anzia nje. Mtafute wa 10, uuwekee alama, kisha shuka: 9, 8, 7, 6, 5, 4. Chini ya wa 4, kwa ndege wako hawa, hakuna cha kusoma.

Kila unyoya una uti, na uti huo haupiti katikati. Upande wa nje ni mwembamba, wa ndani ni mpana. Kwenye unyoya wa 10 upande wa nje ni mwembamba sana na mara nyingi ni mweusi karibu wote. Habari imeandikwa upande wa ndani. Doa jeupe lililo ndani ya weusi, karibu na mwisho wa unyoya, waangalizi wengi huliita kioo. Mwisho kabisa wa unyoya huwa pana alama nyingine ndogo nyeupe, na hiyo ni ncha tu, si kioo. Nadhani hapa ndipo ulipokwama, kwa sababu katika barua yako unasema ndege wote wana “madoa matano au sita”. Ulikuwa unahesabu ncha. Vioo, kwa shakwe hawa, huwa viwili, wakati mwingine kimoja, na hukaa kwenye wa 10 na wa 9. Kijivu kinachoingia ndani ya weusi kutoka shinani mwa unyoya ni ulimi. Weusi unaoukata unyoya kutoka ukingo hadi ukingo ni ukanda. Maneno hayo manne yanatosha.

Sasa ifungue picha yako ya tatu, uikuze mpaka bawa la kulia lijaze skrini ya kompyuta.

Unyoya wa 10: mwisho wake ni mweupe mtupu. Kioo na ncha vimeungana, na hakuna ukanda mweusi unaovitenganisha, isipokuwa kijialama chembamba upande wa nje. Hili peke yake linampunguzia nguvu shakwe miguu-njano, Larus michahellis, ambaye kwa kawaida kioo chake cha wa 10 kina weusi mbele yake, kabla ya ncha. Halimwondoi kabisa, lakini linampunguzia.

Ubaki hapo hapo kwenye wa 10, maana ndio unyoya wenye maneno mengi kuliko yote. Tazama upande mpana wa ndani. Kutoka shinani kijivu kinateremka, kinapita nusu ya unyoya, na kinakaribia kukifikia kile cheupe cha mwisho. Weusi uliobaki katikati ni mfupi, kama daraja. Ulimi mrefu namna hiyo ndio alama ninayoiamini zaidi kwa shakwe wa Kaspi aliyekomaa. Ukimwona kwa chini akiruka, ndimi hizo hung'aa kama fedha, na ncha ya bawa huonekana nyepesi kuliko unavyotarajia. Kwa shakwe miguu-njano ulimi wa wa 10 ni mfupi, na weusi umelala mzito. Mpaka kati ya kijivu na weusi ni mkali, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Shakwe heringi wa magharibi, wale wa Uingereza, Ufaransa na Uholanzi, nao wana ulimi mfupi kwenye wa 10, pamoja na kioo ambacho mara nyingi kimetengwa na ncha.

Unyoya wa 9 una kioo cha ukubwa wa wastani na ulimi mrefu tena. Kwa miguu-njano kioo cha wa 9 huwa kidogo, au hakipo. Wa 8 na wa 7 hazina vioo, ila utaona kwamba ulimi wa kijivu unapokutana na weusi kuna ukingo mweupe mdogo kama mwezi mwandamo. Kwenye wa 7 na wa 6 miezi hiyo ni dhahiri zaidi. Si ushahidi wa kumaliza kesi, lakini inakaa vizuri na mengine.

Kisha wa 5. Hapa ndipo ninapokuomba usimame na usiwe na haraka. Ndege wako ana ukanda mweusi kamili kwenye wa 5, unaovuka pande zote mbili za uti. Na kwenye wa 4 kuna doa jeusi dogo upande wa nje tu.

Kwa nini wa 5 una uzito huo? Kwa sababu kuna shakwe mmoja anayeweza kukudanganya vibaya kwenye wa 10 na wa 9, naye ni shakwe heringi wa kaskazini, Larus argentatus wa Norwei ya kaskazini na pande hizo, anayeshuka kusini wakati wa baridi. Yeye pia mara nyingi ana mwisho mweupe mtupu kwenye wa 10. Yeye pia ana ndimi ndefu, na kwa baadhi yao ulimi wa wa 9 hukifikia kioo kabisa upande wa ndani, kijivu na cheupe vikagusana bila weusi kati yao. Ukiishia nje, utamwita wa Kaspi. Lakini kwake weusi hupungua haraka kadiri unavyoingia ndani ya bawa: kwenye wa 5 mara nyingi kuna alama iliyokatika tu, upande mmoja, au hakuna kitu kabisa. Shakwe wa Kaspi ni mwepesi nje na bado ana ukanda imara ndani. Heringi wa kaskazini ni mwepesi nje na mwepesi ndani. Mlinganisho huo wa nje na ndani una thamani kuliko doa lolote moja, na ndio ninaotaka ubaki nao.

Wapo heringi wenye ukanda kamili kwenye wa 5. Ndiyo maana sikubali kumtaja ndege kwa unyoya mmoja. Uliza wa 10 unasema nini, kisha wa 9, kisha wa 5, na uone kama mashahidi wanakubaliana. Kwa ndege wako wanakubaliana wote.

Sasa ile sababu ya kutoapa. Katika miongo ya karibuni shakwe wa Kaspi ametanuka kutoka maeneo yake ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi kuelekea kaskazini-magharibi, akaanza kuzaliana Polandi na mashariki ya Ujerumani. Huko kuna makoloni ambamo yeye na shakwe heringi hukaa pamoja na kuzaa chotara. Chotara anaweza kuwa na bawa la mzazi mmoja na kichwa cha mwingine. Kwa hiyo nilitazama pia kichwa cha ndege wako: paji la uso linaloteremka kwa mteremko mrefu, mdomo mwembamba usio na nundu kubwa upande wa chini, jicho dogo linaloonekana jeusi, miguu mirefu ya rangi iliyofifia. Vyote vinakwenda na bawa. Ningekuwa na bawa hilo juu ya ndege mnene mwenye jicho la njano kali na mdomo mzito, ningemwandika “hajulikani” na kulala usingizi mzuri.

Kuhusu miguu, kwa kuwa umeuliza kwenye mstari wako wa mwisho: isaidie, isiongoze. Miguu ya waridi ni ya kawaida kwa heringi, lakini upande wa Baltiki wapo heringi wenye miguu ya njano. Mtu aliyejifunza rangi ya miguu tu atawaandika wote miguu-njano.

Yapo mambo matatu yanayoharibu usomaji wa bawa hata kwa mtu anayejua.

La kwanza ni umri. Shakwe wakubwa huchukua takriban miaka minne kufikia manyoya ya ukomavu, na kila niliyoyasema hapo juu ni ya ndege waliokomaa. Aliyekaribia kukomaa ana mgongo safi wa kijivu na anaweza kukupumbaza, ila weusi wake ni mwingi zaidi na vioo vyake vidogo. Kabla ya kusoma ncha, tazama manyoya mafupi yanayofunika shina la manyoya ya kiganja kwa juu. Yakiwa na michirizi ya kahawia au nyeusi, au mkia ukiwa na alama nyeusi, ndege huyo bado. Usimsome kama mtu mzima.

La pili ni kubadili manyoya, na hili limenigharimu. Shakwe wakubwa wa Ulaya hubadili manyoya ya kiganja polepole, kazi inayoanza mwishoni mwa majira ya kuchipua na kumalizika karibu na mwisho wa mwaka. Septemba moja nilimpiga picha ndege mwenye kioo kidogo kwenye unyoya wa nje kabisa na weusi mzito nyuma yake. Niliandika miguu-njano, nikasambaza picha, na watu waliniamini. Mwenzangu mmoja ndiye aliyegundua kwamba unyoya ule haukuwa wa 10. Wa 10 ulikuwa umeshadondoka na mpya wake bado ulikuwa mfupi, umejificha chini ya mengine. Nilikuwa nimeusoma wa 9 kwa jina la wa 10, na kutoka hapo kila namba ikawa imeteleza hatua moja. Alikuwa heringi wa kawaida. Tangu siku hiyo, kwa picha ya kati ya Juni na Novemba, nahesabu kutoka nje na kisha kutoka ndani, na kama hesabu mbili hazikutani, naiacha picha. Picha zako za Desemba zina bahati: manyoya ni mapya, na kwa ndege huyu yote kumi yamekamilika.

La tatu ni kuchakaa. Melanini, ile rangi inayoufanya unyoya uwe mweusi, huuimarisha pia. Sehemu nyeupe haina kinga hiyo, hivyo huliwa na jua, mchanga na upepo mapema zaidi. Kufikia majira ya kuchipua zile ncha nyeupe za mwisho zinaweza kuwa zimekwisha kabisa, na ndege mwenye wa 10 mweupe mtupu akabaki na mwisho uliochanika. Kioo kilichozungukwa na weusi hudumu zaidi. Kwa hiyo ukiwa na picha ya Mei usijenge hoja juu ya ncha.

Kamera nayo ina hila zake. Mwanga ukizidi, weupe hufurika na kuula weusi ulio jirani, na kioo kidogo kikaonekana kikubwa. Punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza. Weusi uliozama kivulini unaweza kuokolewa baadaye, weupe uliofurika haurudi. Piga mfululizo, kwa kasi ya sehemu ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, kwa sababu katika pigo moja la bawa ni fremu chache tu zinazoonyesha manyoya yakiwa yametandazwa. Na kila mara andika kama unatazama juu au chini ya bawa. Ndimi za wa 10 huonekana vizuri zaidi kwa chini. Ukanda wa wa 5 huonekana vizuri zaidi kwa juu.

Namna hii ya kusoma haiishi kwa hao watatu. Mwaka 2021 Chama cha Ornitholojia (elimu ya ndege) cha Marekani kilimtenga shakwe mdogo wa kaskazini-magharibi ya Amerika, Larus brachyrhynchus, na jamaa yake wa Ulaya na Asia, Larus canus. Ncha ya bawa ni miongoni mwa mambo yanayowatofautisha, kwani yule wa Amerika ana weusi mchache na ndimi zinazoishia na miezi meupe mikubwa. Shakwe wa Pasifiki ya kaskazini-magharibi mwenye mgongo wa kijivu kizito, Larus schistisagus, ana msururu wa miezi hiyo kutoka wa 5 hadi wa 8, kama shanga zilizotungwa uzini, na shanga hizo zimewawezesha watu kumtambua mbali sana na kwao. Na kwenye pwani ya jimbo la Washington, ambako shakwe mwenye ncha nyeusi, Larus occidentalis, huzaliana na mwenye ncha za kijivu, Larus glaucescens, utaona kila hatua kati ya nyeusi na kijivu kwenye bandari moja. Hapo wengi wa ndege unaowaona hawaingii kwenye boksi lolote, na mwangalizi mwaminifu huwaandika chotara.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa shakwe wa aktiki ya Kanada aliyepewa jina la Thayer. Mwaka 1973 alitambuliwa kuwa spishi kamili; mwaka 2017 chama hicho hicho kikamrudisha ndani ya Larus glaucoides. Kati ya yule mwenye ncha karibu nyeusi na yule wa Grinilandi mwenye ncha nyeupe tupu kuna mfululizo wa ndege wenye kijivu cha kila kiwango, na hakuna aliyeweza kuchora mstari ukakaa. Nakutajia hili ili ujue kwamba ukishindwa kumtaja ndege baada ya kusoma kila unyoya, huenda hukukosea popote.

Nirudi kwenye picha zako nyingine. Ndege wa picha ya tano, anayeruka kwa mbali, ni heringi: wa 5 wake una alama iliyokatika upande wa nje tu, na wa 10 ni mweupe mwishoni. Ni yule wa kaskazini niliyekueleza, na ungemwita wa Kaspi kama ungeishia nje.

Yule wa picha ya kwanza amesimama ndani ya maji na mabawa yamefungwa. Watu wengi hudhani ndege wa namna hiyo hasomeki, na si kweli. Bawa linapofungwa, wa 10 huwa chini ya mengine yote, kwa hiyo kwa juu unaona ncha tu. Lakini tazama bawa la upande wa pili, lile lililo mbali nawe, linapochomoza chini ya mkia: unauona upande wa chini wa wa 10 wake, pamoja na kioo, na kwa bahati njema hata mwisho wa ulimi. Kwa ndege huyu kioo kipo, mbele yake kuna ukanda mweusi mpana, na weusi wa nyuma yake unaendelea mpaka unapofichwa na mkia. Wa Kaspi ameondoka. Wamebaki miguu-njano na heringi wa magharibi, na miguu imo majini. Mgongo wake unaonekana kuwa kijivu kizito kidogo kuliko wa jirani yake, lakini jirani amegeukia mwanga na yeye amegeukia upande mwingine, na kijivu hubadilika sana kwa pembe ya mwanga. Nimemwacha bila jina.

Ukirudi ziwani, keti karibu na mahali wanapooga. Shakwe akimaliza kuoga huinuka wima na kupiga mabawa mara tatu nne, akiwa pale pale, na kwa nusu sekunde manyoya yote kumi hutandazwa mbele yako. Kidole kiwe kimeshakaa tayari juu ya kitufe anapoanza kujitingisha.